Mama Nanjala Hayumo Orodhani

Naeem wa kompyuta alikuja ofisini kwetu Westlands Ijumaa saa nne, akaniambia leo barua pepe yangu inaunganishwa na orodha ya anwani ya shirika zima.

"Kaindi, utaandika herufi mbili tu, jina linajileta lenyewe."

"Na majina yangu ya zamani?"

"Hayo tunafuta. Yanachanganya."

Ningemfukuza siku hiyo hiyo, haki ya Mungu! Lakini ni amri kutoka juu, nami ni karani tu. Nikamwachia kiti.

Nilikuwa na haraka yangu. Fomu zote za kliniki yetu ya Kinoo hupitia kwangu, na mezani palikuwa na ya uhamisho ya Mgeni, mwenzetu wa stoo ya dawa. Mamake amepooza upande mmoja huko Mombasa, analishwa na majirani, na kliniki yetu ya huko ilikuwa na nafasi moja tu ya stoo. Maombi yafike kwa mkuu wa wafanyakazi siku hiyo kabla ya saa kumi, kwa barua pepe, basi. Mkuu mwenyewe ni Mama Nanjala, yuko ofisi ya mjini. Kwenye kompyuta yangu alikuwa ameandikwa hivyo hivyo, Mama Nanjala, miaka tisa.

Orodha ikakataa. Ikaomba paswadi, ikaikataa, ikaomba tena. Naeem akapiga simu kwa wenzake, akangoja, akapiga tena. Saa tisa na nusu ndipo akasema, "Tayari, mama," akabeba begi lake akaenda.

Nikaandika Mama. Hakuna. Nikaandika Nanjala. Hakuna. Majina mia sita, yote ya kitambulisho, na vyeo havimo! Hapo ndipo nilipojua sijui jina la yule mama. Nimekula harusi ya bintiye, nimelia naye kwenye matanga ya mumewe, na jina lake silijui. Lakini mtu mzima kama yule utamwita jina lake ukiwa nani?

Nikampigia, simu imezimwa, yuko mkutanoni. Nikamwuliza Muindi, dereva wetu.

"Mama Nanjala ni Mama Nanjala. Unataka aitwe nani tena?"

"Muindi, nina dakika kumi!"

"Basi ni Carolyne. Nafikiri ni Carolyne."

Kwenye orodha Carolyne alikuwa mmoja. Nikashukuru Mungu, nikatuma fomu saa kumi kasoro dakika nne, nikampigia Mgeni nikamwambia imefika. Hivyo ndivyo nilivyosema, imefika.

Jumatatu asubuhi nikakuta jibu. Carolyne huyo ni mhasibu wa Kisumu. Alikuwa likizo. Alisema pole, huenda nimekosea mtu.

Kabla sijajua nifanye nini, simu ikalia, Mama Nanjala mwenyewe.

"Kaindi, mwenzako Mgeni alibadilisha nia? Ijumaa nilikaa nikimngojea yeye mpaka saa kumi na moja. Ile nafasi ilikuwa yake, mama. Nimempa mtu wa Nakuru, na leo asubuhi ametia sahihi."

Nikamweleza. Nikamwomba, nikamsihi, nikasema kosa ni langu, aniandikie barua ya onyo mimi. Akasema sahihi ikishatiwa yeye hana uwezo tena.

"Na mimi ni Rael," akasema polepole. "Miaka yote hii, Kaindi, si ungeniuliza tu?"

Nikaweka simu chini, ikalia tena palepale. Mgeni.

"Dada Kaindi, shikamoo. Sikupigii kukusumbua, najua majibu bado. Nataka tu kukushukuru. Jana nilimwambia mama kwa simu nakuja. Alikuwa hajazungumza tangu mwezi wa tatu, dada, na jana ameniita jina."