Ngazi Mia Mbili na Kumi na Nne

Wageni wanaoletwa na meli hutaka mambo matatu: kupiga picha nguo za watu zilizoanikwa, kuuliza choo kiko wapi, na kufika kileleni bila kutoka jasho. Kazi yangu ni kuwatembeza. Naanzia bandarini, nawapitisha soko la samaki, kisha mnara wa saa ambao saa yake haijasema kweli tangu niolewe, kisha kituo cha chini cha behewa. Behewa lenyewe ni chumba cha vioo kinachopanda kilima juu ya reli, kikivutwa na waya mnene wa chuma. Kileleni kuna ngome, kuna uwanja wa kutazamia ghuba nzima, na nyuma ya ngome basi linasubiri kuwarudisha melini.

Wageni hupanda behewa. Mimi hupanda ngazi, mia mbili na kumi na nne, zilizojengwa sambamba na reli. Nawaambia natangulia kuwapokea. Ofisini nimesema nafanya mazoezi. Mume wangu naye nilimwambia ni mazoezi, eti daktari kasema moyo wangu unataka kutembea. Uongo mtupu. Daktari wa mwisho kuniona alikuwa wa meno.

Ukweli ni kwamba naogopa. Miaka miwili iliyopita behewa lilikaribia kilele, likasita, kisha likaanza kurudi nyuma. Lilirudi kama hatua thelathini ndipo breki zikashika. Nilikuwa ndani na kundi langu. Mama mmoja alivunjika mkono, mimi nikapasuka mdomo. Wakaguzi walikuja na vitabu vyao wakaandika kwamba waya uliteleza kwa ajili ya mvua, dereva hana kosa. Dereva wa behewa hakai ndani yake. Hukaa kituo cha juu, chumba cha mitambo, mkono kwenye breki na macho dirishani. Dereva huyo ni mume wangu.

Nilimwambia namwamini. Nilisema mbele ya wakaguzi na mbele ya mama mkwe, tena kwa sauti. Kesho yake nikaanza kupanda ngazi. Miaka miwili nimepita chini ya dirisha lake nikihema, nampungia mkono, naye ananipungia. Kuanguka kuliniogopesha, sikatai. Lakini kilichonikosesha raha zaidi ni wazo kwamba siku moja ataniuliza kwa nini sipandi.

Juzi nilikuwa na wageni kumi na watano, wengi wao wazee. Niliwaingiza kwenye behewa, mlango ukafungwa, nami nikashika ngazi. Nilipofika kama ngazi ya mia, umeme ukakatika. Behewa likasimama pale pale, mita tatu kutoka niliposimama, breki zimejibana zenyewe kama zinavyotakiwa. Niliziona sura zote kumi na tano nyuma ya kioo. Bibi mmoja mwenye mkongojo alikuwa ananitazama mimi tu. Niliwaonyesha dole gumba na kutabasamu mpaka mashavu yakauma.

Walikaa hivyo dakika kumi na mbili. Umeme uliporudi, behewa halikuendelea kupanda. Sheria ya pale ni kwamba likisimama njiani, kwa sababu yoyote, lirudishwe chini likaguliwe ndipo lianze upya. Mimi naijua sheria hiyo, wageni hawaijui. Walipoona wanarudi nyuma walipiga kelele nilizozisikia kwenye meno. Niliteremka ngazi mbili mbili, na nilipofika chini walikuwa wameshatoka, weupe kama unga.

"Hatupandi tena," akasema mzee mmoja aliyeshika kifua. Wengine wakaitikia.

Saa yangu ilisema saa nane na dakika hamsini. Meli inaondoka saa kumi, na haimsubiri mtu. Basi liko juu. Kurudi bandarini kwa miguu, kwa mwendo wa wazee wale, kungemaliza zaidi ya saa moja na nusu. Barabara ya kulizungusha mpaka kituo cha chini imefungwa kwa matengenezo, na ngazi zile zingemuua yule mzee kabla hajamaliza nusu. Nikajikaza kisabuni, nikawaeleza habari ya umeme, habari ya sheria, habari ya breki. "Ni salama kabisa," nikamalizia.

Yule bibi mwenye mkongojo akaniangalia kwa upole. "Kama ni salama," akasema, "wewe mbona hupandi?"

Nilifungua mdomo. Mazoezi yaligoma kutoka.

Mkata tiketi, mwanamke asiyepitwa na la mtu, akajiegemeza dirishani mwake. "Hata mimi huwa najiuliza, dada."

"Wewe kata tiketi zako."

Simu ya ukutani ikalia, ile inayounganisha vituo viwili. Mkata tiketi akaisikiliza kisha akaninyooshea. "Baba watoto huyo."

"Wanagoma?" akauliza mume wangu.

"Wanagoma. Wanataka nipande nao."

Nilisikia mitambo ikinguruma nyuma yake.

"Tumekagua, kila kitu kiko sawa," akasema. "Lakini kama hutaki, mama, usipande. Nitapiga ofisini, watatafuta njia."

Sikutegemea hilo. Angenibembeleza, ningekasirika, na nikikasirika huwa nafanya mambo. Badala yake alinifungulia mlango wa kukimbia, na kwa jinsi alivyosema nikajua kwamba anajua. Roho ilinisinyaa kwa aibu. Ofisini wangesikia kwamba behewa lake halipandwi hata na mkewe, na nani angempa kazi tena?

"Tunakuja," nikasema, nikakata simu kabla sijabadili nia.

Niliingia wa kwanza. Bibi akakaa karibu yangu, akanishika mkono bila kuniomba ruhusa. Behewa likashtuka, likaanza kupanda. Kazi yangu wakati huo ni kueleza: kushoto mnara wa taa, kulia bandari ya zamani, kule mbele visiwa. Nilieleza. Nilieleza hadi mapaa ya nyumba na matangi ya maji, maana nikinyamaza nilikuwa nausikia waya. Tulipofika pale lilipoanza kurudi nyuma siku ile, maneno yakaniishia. Nilifumba macho. Nikasema moyoni, mume wangu, mume wangu, mume wangu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyofungwa.

Mlango ukafunguka. Wageni wakapiga makofi, wakatawanyika uwanjani kupiga picha ghuba. Mume wangu alitoka chumba cha mitambo akifuta mikono kwa kitambaa. Hakunikumbatia.

"Nina neno," akasema. "Nimelibeba mpaka limenichosha. Siku ile waya haukuteleza. Nilisinzia."

"Kazini?" nikauliza.

"Mkono uliteleza kwenye breki. Niliposhtuka, mlikuwa mmesharudi nyuma. Ulipoanza ngazi nikajua umeshanigundua, unanistahi tu."

"Sikujua," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, si yangu. "Nilikuwa naogopa tu. Ulisinzia vipi, na watu ndani? Na mimi ndani?"

Alikunja kile kitambaa, akakikunjua. "Mtoto wetu alikuwa na homa usiku wa kuamkia siku ile. Hukumbuki?"

Nilikumbuka. Ilikuwa zamu yangu kukesha. Nilimwamsha nikamwambia, kaa naye wewe, mimi kesho nina kundi la meli, nikisimama mbele ya wageni na macho mekundu nitaonekanaje. Nikalala hadi asubuhi, fofofo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungejilaumu. Halafu kosa ni langu, ningeweza kumwomba mwenzangu anishikie zamu. Tangu siku ile nalala saa mbili usiku, hata kama mna mazungumzo."

Miaka miwili nilimwona akituaga saa mbili na kwenda kulala, nikadhani amenichoka. Nilishawaambia hata dada zangu.

Nyuma ya ngome basi likapiga honi. Yule bibi akaja na simu yake mkononi, anataka picha ya dereva na mtembezaji pamoja. Sikumwambia kwamba sisi ni mume na mke. Tulisimama mbele ya behewa, naye akatuambia tusogeleane. Nilitaka kumpiga mume wangu kofi, nilitaka pia kumpigia magoti, na kwa kuwa wageni walikuwa wanatazama nilimshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Chekeni," akasema bibi.

Mume wangu alijaribu. Mimi nilikuwa nalia, na wageni wakaambiana kwamba ni kwa sababu ya uzuri wa bahari.