Mkono Begani mwa Koplo

Jana mchana, baada ya kushiba makande, nilipitiwa na usingizi kwenye kochi la shangazi Mwamvita, nikaota nimeingia ndani ya picha ya babu. Viatu nilivua kwanza.

Picha yenyewe iko sebuleni kwake, Tabora: askari watatu wa vita ya Burma, wamesimama wima. Babu Mrisho alikwenda vitani shangazi akiwa tumboni, hakurudi. Yupi kati ya hao ndiye yeye, hajui mtu. Kesho shangazi anapasuliwa macho, na daktari hakumficha kwamba huenda asione tena. Akaniomba nimwonyeshe baba yake kabla ya hapo, kwa kuwa eti mimi ndiye niliyesoma. Fundi mmoja wa picha za zamani alikuwa amenielekeza: anza na vifungo vya sare, kisha soma nyuma ya picha.

Basi naanza na vifungo. Vinadai barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ninayo. Vinaisoma polepole, vinasema vyenyewe ni vya stoo, anavaa yeyote.

Nawaomba askari wageuke. Wanageuka kwa pamoja, na kila mgongo una jina kwa wino. Nasoma la kwanza, la pili, la tatu. Mrisho hayupo. Zaidi ya miaka sabini shangazi anawaamkia kila asubuhi, kumbe watu baki!

"Tulikuwa tunaitikia tu," anasema koplo wa pembeni. "Adabu."

Ndipo nauona mkono begani mwake. Umetokea ukingoni mwa fremu na hauna mwenyewe. Unaniita kwa kidole.

"Mke wangu," unasema, "mbona umekawia hivyo?"

Utani huo askari baki hana na mimi. Anayemwita mjukuu mkewe ni babu. Nauliza mwili wake uko wapi.

"Nyuma ya hawa. Walinikata kwa mkasi ili picha ienee kwenye fremu. Wakanikunja, nikae nashikilia kioo kisicheze."

Nikazinduka. Shangazi alikuwa pale pale, anachambua mchele kwa kupapasa. Niliishusha picha nikang'oa misumari ya nyuma. Kati ya ubao na picha palikuwa na kipande kilichokunjwa mara nne. Nilikikunjua: mwanamume mwembamba, masikio yamechomoza, mkono mmoja umekatikia kiwikoni. Nyuma kimeandikwa Mrisho.

Nilimpa. Alikisogeza hadi kikakaribia kugusa pua, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akashika sikio lake mwenyewe.

"Shikamoo, baba," akasema.

Baadaye nilitaka kukirudisha mahali pake, akakificha kifuani. Nikamwambia kioo kitacheza.

"Acha kicheze," akasema.