Maandishi Yatazame Injini

Ijumaa hiyo, kabla ya kwenda kwenye swala na kisha nikahi ya mpwa wake, Fundi Rajab alimkabidhi Exaucée diski mpya ya klachi kwa mikono miwili.

"Maandishi yatazame injini," alisema. "Ukiigeuza itakwaruza bolti za flaiwili, na tutakuwa tumeiua. Nyingine kama hii hakuna Kampala nzima."

Akazima simu, akavaa kofia yake, akatoka.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwachia kazi ya namna hiyo. Exaucée alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Shule aliiacha darasa la tano huko Butembo, na katika gereji ile ya Kisenyi alijulikana kwa mambo mawili: mkono wake haukuharibu nati, na mdomo wake haukufunguka pale ambapo kutikisa kichwa kungetosha.

Aliiweka diski kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ya gari la mbio walilokuwa wakilitengeneza. Akaifunika kwa presha pleti, kile kifuniko cha chuma kinachoibana diski, akakaza bolti kwa zamu, moja huku, nyingine upande wa pili. Kisha yeye na Guerschom, fundi mwenzake, wakaipandisha giaboksi ya mbio kwa jeki, wakiisukuma na kuibembeleza mpaka ikakaa. Wakafunga shafti, wakajaza oili, wakatoa hewa kwenye mpira wa klachi.

Guerschom alikuwa ananawa mikono kwa Omo aliposema, "Lakini dada, yale maandishi meupe yalikuwa yananitazama mimi. Niliyasoma wakati unakaza."

Exaucée akaweka spana chini. Alijaribu kukumbuka jinsi alivyoishika diski. Alikumbuka uzito wake, alikumbuka baridi yake, lakini upande gani ulikuwa wapi, kichwani hapakuwa na kitu.

Hapo ndipo mwenye gari, dereva wa kike wa mbio aitwaye Lanyero, alipoingia, kofia ngumu kwapani. Alikulia katika kambi ya polisi, na Kiswahili chake kilikuwa cha gwaride.

"Altezza yangu iko tayari? Jumapili nataka kuonyesha hawa wanaume vumbi."

"Iko tayari, afande!" Guerschom akajibu, kisha akakumbuka alichosema muda si mrefu uliopita, akainamia beseni lake.

Lanyero alishaingia garini. Exaucée aliona mkono ukienda kwenye ufunguo. Kama angenyamaza, pengine ingekuwa salama. Kama angesema, pengine giaboksi ingeshushwa upya, na kila mtu angejua Rajab alimwachia kazi mtu asiyeiweza.

"Usiwashe!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Mafundi wa gereji ya jirani waligeuka.

"Kwa nini?" Lanyero akauliza.

"Labda nimegeuza diski. Nataka kupima kwanza."

"Labda?"

"Labda, dada."

Lanyero akautoa mkono kwenye ufunguo. "Basi pima. Injini ikikufa Jumapili nikiwa kwenye kona, hiyo labda haitanisaidia."

Akashuka. Gari lilikuwa bado juu ya vyuma, magurudumu ya nyuma yakining'inia. Guerschom akaingia, akaweka gia ya kwanza na kukanyaga klachi. Exaucée akajiburuta chini akaishika shafti. Diski ikiwa sawa, klachi itaachia na shafti itazunguka kwa mkono. Ikiwa imegeuzwa, itang'ang'ania.

Ilikataa. Akaishika kwa mikono miwili, akavuta. Haikusogea hata unywele.

"Umekanyaga?"

"Mpaka mwisho!"

Exaucée akafumba macho. Alishaanza kupanga angeanza kufungua bolti ipi.

"Mwisho wapi?" sauti ya Lanyero ikauliza juu yake. "Chini ya hiyo pedali paka anapita! Tazama, mguu unatetemeka kama kuku amenyeshewa. Hii klachi ya mbio, kaka, si ya teksi. Toka."

Mlango ukafungwa kwa kishindo. Buti la Lanyero likakandamiza pedali. "Haya, sasa!"

Exaucée akavuta kwa nguvu zake zote, na shafti ikazunguka kirahisi mpaka kiwiko chake kikagonga sakafu. Akazungusha tena. Na tena. Akabaki amelala chali juu ya kipande cha katoni alichotandika, akicheka peke yake.

"Na wewe ulisoma nini?" Lanyero akamuuliza Guerschom.

Guerschom aliyataja maandishi yenyewe, herufi kwa herufi. Exaucée akainua kichwa. Hayo yalikuwa ya mgongo wa presha pleti. Yanatazama nje siku zote.

"Ulisoma kifuniko!"

"Sasa mimi ningejuaje? Nilikuwa nasoma tu."

Walipolishusha gari, lilimzimikia Lanyero mara mbili, maana klachi ile ilishika kwa ghafla, na mafundi wa jirani wakampigia miluzi. "Achia polepole, dada! Polepole!" Exaucée akapaza sauti. Mara ya tatu likaondoka, likilia kama mashine ya kusaga mahindi.

Mbambu, mama muuza chapati langoni, akashika kifua. "Yesu! Mumeliharibu?"

"Hapana, mama. Ndivyo linavyolia. Meno ya gia zake yamekatwa wima, hayakulala kama ya gari la kawaida, ndiyo maana..."

Exaucée akaendelea kueleza, mikono ikizungusha gia hewani, mpaka chapati ikaanza kunuka kuungua.