Tanuri Lililotazama Kaskazini

Ami Dahi, msimamizi wetu wa wachimbaji, ni mtu wa Quft, mji wa huku kwetu Misri, na watu wa Quft wamefukua mambo ya kale tangu enzi za babu zao, basi nani wa kuwabishia. Alipoliona lile tanuri la udongo lililotokea kwenye kijiji cha kale, alisema neno moja tu: mikate. Daktari Inas, mkuu wetu, akaandika mikate. Matanuri ya mikate tulikwisha kuyaona mengi, basi shimo lingefukiwa baada ya swala ya adhuhuri.

Mimi naosha vigae vya vyungu wanavyofukua. Misimu kumi na mmoja sasa, na kila mfuko ninaoletewa una kikaratasi chenye jina la aliyeokota. Langu halijaandikwa hata mara moja. Liliniuma, sifichi.

Siku hiyo nilishuka shimoni kufuata ndoo. Nikalitazama tanuri, nikacheka.

"Kuna nini, Mama Sabri?" akauliza Ami Dahi.

"Ami, mkeo anaoka mlango wa tanuri ukitazama kaskazini?"

"Mimi na jiko wapi na wapi?"

"Ndiyo maana. Upepo wetu wote unatoka huko. Mkate utaungua nje, ndani mbichi. Aliyelijenga hili aliutaka huo upepo, moto wake uwe mkali. Halafu ona, mkaa mtupu. Sisi tunaokea samadi na mabua."

"Kaoshe vigae, mama. Mchimbaji hapa ni mimi."

Vijana wakaangua kicheko. Nilipandwa na hasira, lakini adhuhuri ilikuwa bado. Chekecheo lao lina matundu ya kupitisha njegere. Nikavuka mfereji hadi nyumbani, nikarudi na langu la unga, nikachekecha lile jivu mbele ya macho yao.

Yakabaki matone ya kijani, madogo kuliko dengu. Ami Dahi akachukua moja, akalikwangua kwa kisu. Ndani lilikuwa jekundu, liking'aa.

"Shaba," akasema. "Daktari, futa mikate. Hapa waliyeyusha shaba."

Daktari Inas akanikumbatia na majivu yangu yote. "Shimo halifukiwi," akasema.

Ami Dahi akatoa kikaratasi na kalamu. "Jina lako?"

"Miaka yote hii hunijui?"

"Namjua Mama Sabri. Sabri hakuokota kitu."

"Zahiya," nikasema. "Zahiya Abdel-Gawad."

Aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri. Jioni nilipanga mifuko sandukuni kama kawaida, na wangu nikauweka juu kabisa.