Mkanda wa Mtoto Ambaye Hajaja

Mtoto aliacha kucheza tumboni mwangu Jumanne asubuhi, na mimi nilijua sababu. Sababu ilikuwa imefichwa nyuma ya gunia la viazi vikavu: donge la uzi mwekundu, kubwa kiasi cha kichwa cha mtoto mchanga. Nililikunja mwenyewe siku iliyotangulia, mchana kweupe, wala hakuna aliyenituma.

Kwetu Qollpani, huku milimani, mwanamke mwenye mimba hagusi uzi. Hasokoti, hafumi, na zaidi ya yote hakunji donge, kwa sababu kila mzunguko wa uzi ni mzunguko wa kamba ya kitovu shingoni mwa mtoto. Jambo hilo halina mjadala. Siku mimba yangu ilipojulikana, mama mkwe wangu, Mama Fortunata, alininyang'anya pia yangu, kile kijiti cha kusokotea uzi, akaichomeka darini, akasema, "Mpaka uzae." Basi mimi niliyesokota tangu utotoni nikabaki na mikono imelala mapajani, nikiwaangalia hata wanaume wakijifumia kofia zao mlangoni.

Hilo ningelivumilia. Kilichonishinda ni mkanda. Mtoto wa kwetu akizaliwa anafungwa kwa mkanda mrefu wa sufu, kuanzia mabegani hadi miguuni, alale imara na asishtuke. Mkanda huo hufumwa na bibi mzaa baba, na bonde zima hakuna fundi wa mikanda kama Mama Fortunata. Wajukuu wa watu wamefungwa mikanda yake kutoka huku mpaka ng'ambo ya mto. Wa kwangu je? Nilimuuliza mvua zilipoanza, akasema bado. Nikamuuliza tulipopanda viazi, bado. Tumbo likashuka, nikaanza kutembea nimepanua miguu, na nyumbani hapakuwa na mkanda, wala kofia, wala ngozi ya kondoo ya kuzalia. Alichoandaa yule mama ni neno "bado" peke yake. Mume wangu Wilber yuko machimboni, kule chini kwenye joto, na simu yake inashika siku ikijisikia. Nikajiambia, huyu mama hanitaki mimi, na mtoto wangu hamtaki. Hasira zikanipanda.

Jumatatu Mama Fortunata alipopeleka malishoni alpaka wetu, wale wanyama wa sufu, nilifungua kikapu chake nikatoa fungu la uzi mwekundu. Fungu la uzi linataka watu wawili, mmoja alitanue kwa mikono, mwingine akunje. Mimi nilikuwa peke yangu. Nikaketi chini, nikalivalisha magotini, tumbo likiwa katikati, nikaanza kukunja. Mtoto alicheza muda wote. Kila nilipopitisha donge mbele yake alipiga teke, nami nikacheka nikamwambia, "Subiri, wako huo." Nilifurahi kama mtoro wa shule.

Jumanne, kimya.

Kwanza nilidhani amelala. Nikanywa chai yenye sukari nyingi, maana sukari humwamsha. Nikalala ubavu wa kushoto. Nikaligonga tumbo kwa vidole, nikalitikisa, nikamwita. Tumbo lilikuwa zito, limetulia, kama si langu. Hofu ilinishika hapo, hofu ya kweli.

Mwenye akili angepiga kelele. Zahanati iko chini barabarani, na jirani yetu Hilario ana gari la kubebea viazi. Lakini ukiomba gari utaulizwa kuna nini. Ukisema mtoto hachezi, utaulizwa umefanya nini. Mimi jibu nilikuwa nalo, na jibu hilo ndilo lililonifunga mdomo. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka natamani kujizaba kofi: nilikwenda nikalichukua lile donge, nikaketi mahali palepale pa jana, nikaanza kulikunjua.

Niliona ni hesabu rahisi. Kama kukunja kumemfunga, kukunjua kutamfungua. Nilivuta uzi, ukaanguka sakafuni, nikavuta tena. Kila baada ya muda nilisimama, nikaweka kiganja tumboni, nikasubiri. Hakuna kitu. Nikaongeza haraka. Simbilisi tunaowafuga humo ndani walitoka chini ya jiko kutafuta maganda, wakaingia kwenye uzi, wakaukimbiza huku na huku, nami nikawa siwezi kuinama kuwafukuza. Muda si mrefu jiko zima lilikuwa limejaa uzi mwekundu uliotatana, donge likiwa bado nusu. Nilikuwa nikilia bila sauti.

"Hodi humu. Mama kijacho, upo?"

Alikuwa Casimira, mke wa Hilario. Mtu mzuri Casimira, mkono mwepesi wa kutoa, lakini ukimwambia neno asubuhi, mchana linakusalimia ng'ambo ya mto. Nikavuta uzi wote nilioweza kuufikia, nikausukuma chini ya sketi zangu, nikaukalia. Alisimama mlangoni, jua likiwa mgongoni mwake, na nashukuru jiko letu lina giza.

"Nipo, mama. Miguu tu imevimba, sitainuka."

"Usiinuke, kaa. Nimekuja kuomba chumvi. Mjomba huko tumboni anaendeleaje?"

"Anacheza sana," nikasema. "Hata usingizi hanipi."

"Afadhali. Wanaocheza ndio wazima." Akajichotea chumvi mwenyewe, akaegemea mlango kama mtu asiye na haraka. "Si unamkumbuka Nieves wa kule juu? Alikatazwa, akaona wazee wanamwonea. Akafuma kofia kwa siri. Mtoto katoka kanyongwa, shingo yote imezungushwa. Halafu analia, analia nini sasa? Si kajiroga mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi."

"Sogea motoni basi, usije ukanizalia hapa Hilario hajatia mafuta," akasema, akacheka, akaenda zake.

Nilipobaki peke yangu nilijaribu kuinuka nikashindwa. Nilimwona mtoto wangu alivyo mle ndani, kimya, uzi umemkaba, na mimi juu yake nikisema anacheza sana. Nikajua kwamba nitamzaa hivyohivyo, na watu watasema, na watasema kweli.

Mama Fortunata alirudi kabla ya wakati wake, kwa sababu wingu la mvua ya mawe lilikuwa limefunika mlima. Aliingia akikung'uta kofia, akasimama. Aliuona uzi uliotokeza chini ya sketi zangu, akaufuata kwa macho hadi kwenye kuni, hadi chini ya jiko, hadi kwenye donge nililolishika. Nilisubiri matusi. Ningeyapokea kwa mikono miwili.

"Tangu lini?" akauliza.

"Jana, mama. Nilikunja jana, ulipokuwa malishoni. Nisamehe, nilitaka tu—"

"Sikuulizi uzi. Huyo mtoto amenyamaza tangu lini?"

Sikujua amejuaje. Labda uso wangu ulisema. "Tangu asubuhi," nikajibu.

Alipiga magoti juu ya ule uzi, akaweka sikio tumboni mwangu. Alikaa hivyo muda mrefu, macho ameyafumba, mkono wake mmoja umenishika kiuno kwa nguvu mpaka nikaumia. Kisha akasikiliza upande wa pili. Hakuniambia amesikia nini.

"Inuka," akasema.

"Mama, nimalize kukunjua kwanza—"

"Nélida. Inuka, au nitakubeba, na mgongo wangu mimi ni mbovu."

Akakusanya uzi wote kwa mkupuo, na vijiti na majivu yake, akausukumia ndani ya shuka lake la mgongoni, akalifunga. Sikumuuliza kwa nini. Alinishika mkono mpaka kwa Hilario, akamwambia washa gari, na Hilario, ambaye hubishana hata na mbwa, aliwasha. Casimira alitoka nje akiwa na unga mikononi. "Si umesema anacheza?" akaniuliza. Mama Fortunata alimpita kama hakumwona.

Tuliketi nyuma, katikati ya magunia. Mvua ya mawe ilitukuta kwenye kona za kushukia, akanifunika kwa turubai na mwili wake. Nililia, nikasema yote: kwamba nimemuua, kwamba alinikataza, kwamba nilikasirika kwa sababu ya mkanda. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Wilber nilimsokotea akiwa tumboni," akasema. "Na dada zake wote wawili. Nilisokota, nilikunja, nilifuma, usiku na mchana. Ulidhani blanketi zile tunazojifunika alizifuma nani? Mama mkwe wangu alikuwa kipofu, hakuniona."

Nikamtazama.

"Wa mwisho ndiye niliyemwogopea. Nilisikia maneno ya watu nikasema, huyu sitamchezea. Sikugusa uzi hata kidogo. Mkanda tu nilikuwa nimeuandaa mapema, mzuri, wenye ndege." Mawe yaligonga turubai juu yetu. "Akazaliwa amekufa. Nikamzika na mkanda wake."

"Sasa kwa nini ulinikataza, mama?"

"Kwa sababu sijui," akasema. "Sijui ni uzi, sijui ni mkanda. Nikaamua wewe usiguse uzi na mimi nisifume mkanda, nizibe kote kuwili. Niliogopa, mwanangu. Naogopa mpaka sasa."

Ningependa kusema maneno hayo yalinituliza. Hayakunituliza hata kidogo. Mtu niliyemtegemea awe na hakika hakuwa nayo, na gari lilikuwa likiteleza kwenye tope, na tumbo langu lilikuwa kimya. Tulishikana mikono tukaogopa pamoja, basi.

Zahanati ina mkunga mmoja, Rosmery, msichana wa mjini mwenye sauti ya kukaripia. Alinilaza, akaweka kipimo chake tumboni, akakisogeza, akakisogeza tena. Mama Fortunata alisimama kando ya kitanda amejiziba mdomo kwa kiganja. Kisha ukasikika mlio wa moyo, mdogo, wa polepole.

"Yupo," Rosmery akasema. "Lakini amechoka. Simsubiri huyu. Mngekaa huko hadi kesho tungekuwa tunazungumza mengine."

Akanipasua chupa, akaniwekea dripu, na uchungu ukaja wote kwa pamoja. Kati ya uchungu mmoja na mwingine nilisikiliza ule mlio tu. Ukipungua, nami napungua. Kuna wakati ulipotea kabisa, nikamwona Rosmery akibadilika uso, akanigeuza ubavu, akaniambia sukuma sasa, usisubiri kitu, sukuma. Nikasukuma nikijua ninachoenda kukiona.

Kichwa kikatoka. Nikaona vidole vya Rosmery vikiingia chini ya kidevu, vikachomoa kitu kinene cha kijivu, kikapita juu ya kichwa. Halafu vikarudi, vikachomoa tena. Kamba ilikuwa imemzunguka shingo mara mbili. Mama Fortunata aliona, nami nikamwona akiona.

Mtoto alikuwa na rangi ya zambarau, amelegea. Rosmery alimsugua mgongo kwa taulo, akamsafisha pua, akamsugua tena. Sikuomba kwa mtakatifu wala kwa mlima, nilisema tu uzi, uzi, uzi. Kisha mtoto akakohoa, akakunja uso, akalia kwa hasira kana kwamba ndiye aliyesubirishwa.

"Msichana," Rosmery akasema. "Na hii kamba msinitazame hivyo. Naiona kila wiki, kwa wanaokunja na wasiokunja. Nguo zake ziko wapi?"

Hatukuwa na nguo. Nikaona aibu, hata pale. Mama Fortunata akafungua mkanda wake wa kiunoni, ule wa zamani wenye rangi zilizofifia, akaukunjua kutoka mwilini mwake mzunguko baada ya mzunguko, sketi akaishikilia kwa mkono mmoja. Akamfunga mjukuu wake kuanzia mabegani hadi miguuni. Hakukosea hata mzunguko mmoja.

Jioni Casimira alifika na sufuria ya supu. Alimbusu mtoto, akanibusu mimi, akaketi, na macho yake yakaanza kutembea. Yalifika kwenye pindo la sketi yangu iliyotundikwa ukutani, yakasimama. Akanyoosha mkono, akavuta kipande kirefu cha uzi mwekundu.

"Huu wa nani?"

Niliinamia bakuli langu la supu.

"Wangu," Mama Fortunata akasema. "Nilikuwa naandaa mkanda wa mjukuu wangu."

"Na kamba? Kamba ya kitovu ilikuwaje?"

"Mahali pake."

Casimira alitutazama mmoja mmoja. Kisha akamimina supu iliyobaki. Alipoondoka, Mama Fortunata alisubiri mpaka gari likasikika likipanda mlima, ndipo akafungua shuka lake, akaumwaga kitandani ule uzi wote, na vijiti, na majivu, na manyoya ya simbilisi. Aliutazama kwa chuki. Akatafuta ncha, akaipata.

"Ulikunja vibaya," akasema. "Umeulegeza mno. Nyoosha mikono, tuukunje upya."

Nikamtazama mtoto aliyelala kati yetu. Nilikuwa bado naogopa, na yeye alikuwa bado anaogopa, nilimwona. Nikanyoosha mikono.