Mguu wa Karwirwa

Mke wangu Karwirwa alijifungua kwa upasuaji siku ya Jumatatu. Alipotolewa hospitalini, muuguzi alimwagiza jambo moja: atembee kila siku, hata kama ni kuzunguka nyumba tu. Nilimwahidi muuguzi kwamba ningelisimamia mwenyewe. Mimi ni mwalimu; kusimamia ndiyo kazi yangu.

Nyumbani kwetu karibu na Nkubu, mama yangu, Cicily, hakutaka kusikia. Kwake, mzazi hukaa kitandani akiletewa njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, na uji wa wimbi, na akionekana uani kabla ya wanawake wa kijiji kuja kumpongeza, huwaaibisha wakwe zake. Kila Karwirwa aliposimama, alirudishwa.

"Mwalimu, mama yako ananifuga kama sungura," aliniambia.

"Vumilia. Wanawake wanaleta uji Jumamosi ijayo."

Jumatano ya wiki ya pili, mstari mwekundu, mgumu kama kamba, ulijitokeza chini ya ngozi ya shavu la mguu wake wa kushoto. Uliuma ukiguswa. Mama alisema ni baridi, akaukanda kwa mafuta ya mbarika yaliyopashwa moto. Alhamisi mstari ulififia, tukafurahi. Ijumaa mguu wote ulikuwa umevimba hadi pajani, ngozi iking'aa.

"Nipeleke hospitali," Karwirwa alisema. Hakuwa akitania.

Nilitoka uani. Wimbi lilikuwa limekwisha kusagwa, viti vya kanisa vimeletwa, na mama mzazi wa Karwirwa alikuwa njiani kutoka Gachoka. Nikarudi ndani.

"Kesho jioni, wageni wakishaondoka."

Alivuta blanketi juu ya mguu. "Haya, Mwalimu. Ratiba ni ratiba."

Jumamosi asubuhi Mama alimkanda tena, kwa nguvu na kwa upendo. Wanawake wakaingia na vibuyu vyao, wakipiga vigelegele. Jirani yetu Nelius aliuona mguu ukichungulia blanketini.

"Wee Karwirwa, umenenepa mguu mmoja! Huo mwingine utaulisha lini?"

Karwirwa alicheka, kisha kicheko kikakatika. Alishika kifua, akasema hewa haimtoshi. Tulipomfikisha hospitalini alikuwa amekwisha kufariki.

Daktari alinieleza polepole, kwa Kiingereza, lugha ambayo Mama haielewi. Mshipa wa juu uliovimba na kuuma ungeweza kupona. Lakini damu ilikuwa imeganda pia katika mshipa wa ndani, na bonge lake lilikuwa limeng'oka na kusafiri hadi mapafuni. Kulala siku nyingi huchangia, alisema. Na mguu wa namna hiyo haukandwi kamwe.

Mama alikuwa kando yangu, amempakata mtoto wetu Kanana. Mikono yake ilikuwa bado inanuka mbarika.

"Anasema nini?" aliniuliza kwa Kimeru.

"Anasema angeletwa jana."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Mama."

Alinitazama kama mtu asiyenijua. "Na jana alikuomba. Nilimsikia."

"Aliniomba."

"Basi ni wewe, mwanangu."

"Ni mimi, Mama," nikasema.