Jogoo Aliyezama Kwenye Mchuzi

"Sahani ile ni ya kutundika ukutani, Mama Honorine, si ya kupakulia samaki," alifoka Anselme, mfinyanzi wa mji wa Vallauris, akiwa mlangoni kwa jirani yake. Jogoo wa bluu aliyemchora kwa moyo wote kwenye sahani hiyo, akamzawadia mama huyo, alikuwa amezama kwenye mchuzi wa nyanya.

"Ukutani nani atamtazama?"

Juzi kwa daktari Anselme alimkuta jogoo wake mwingine ukutani, kajaa utando wa buibui, na daktari akamsifu kwa kuchora bata mzuri.

"Kwangu, wageni wakishapangusa mchuzi kwa mkate, jogoo huibuka, nao huuliza fundi wake ni nani. Acha kununa, jirani. Ingia ule, umfukue mwenyewe."